Kuinama Brunnenstraße

Nilipompigia bibi kumwambia nimepata nafasi ya kusoma Berlin, alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kwa hao hao?"

"Kwa hao hao, bibi."

"Haya. Ukifika waulize kichwa cha Nduna kiko wapi."

Kwa asiyetoka Songea: Nduna Songea Mbano, kiongozi wa kivita wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Wazee wetu wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mama yake bibi alikuwa mtoto ile njaa ilipoingia, njaa ya kutengenezwa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Wapo wanahistoria wanaofikisha waliokufa 300,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Ni njaa.

Basi nilitua Berlin mwaka 2022 nimekunja uso. Nilikuja kuchukua shahada, siyo kupenda mtu.

Kilichoanza kunilegeza ni chupa. Chupa tupu ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti 25. Kuna watu, wengi wao wazee, wanaoishi kwa kuziokota, na watu wa hapa wakimaliza kunywa hawaitupi ndani ya pipa, wanaisimamisha pembeni ili mwenye kuokota asiingize mkono kwenye uchafu. Hakuna anayesema neno. Nilimwona kijana mmoja, mlevi kabisa, anayumba, anahangaika kuisimamisha chupa yake isianguke. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Baadaye ukaja mkate wao mweusi, mgumu kama tofali, ambao sasa nikiukosa siku mbili nanuna. Ikaja Jumapili yao ya kimya, ambayo mwanzo niliichukia (jirani aliwahi kunigongea mlango kwa sababu nilikuwa natoboa ukuta).

Darasa la lugha, siku ya kwanza, mwalimu akaandika ubaoni *Schule*. Nikamwambia hilo tunalo, shule. Na hela pia ni yenu, ilikuwa sarafu yenu ya Heller. Alifurahi kama amepewa zawadi. Sikumwambia hela hizo zilikusanywaje kwa wazee wetu. Nilimwonea huruma, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Hali yangu ikawa hiyo. Nikaenda makumbusho ya elimu ya viumbe, nikalipa kiingilio kutazama mifupa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913: dinosaria wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kasimama katikati ya ukumbi kama mwenye nyumba. Watoto wa Kijerumani wanamshangaa. Na mimi nikamshangaa. Lakini nililipa kumwona mtu wa kwetu!

Novemba 1, 2023, Rais wao Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha. Siku nane baadaye, jioni, napita Brunnenstraße, nikamkuta mama wa makamo kapiga magoti kwenye baridi anasugua kitu chini kwa kitambaa. Hapa Berlin kuna vijiwe vya shaba vya sentimita kumi kwa kumi, vimepandwa mbele ya nyumba walimokuwa wakiishi watu walioteswa na kuuawa na Wanazi, na Novemba 9 wakazi huvisafisha. Nikainama kusoma. Mahjub bin Adam Mohamed.

Nikasoma tena. Mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa askari mtoto wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, akaja Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili. Mwaka 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Yule mama akaniuliza kama namfahamu. Nikasema hapana, ila ni wa kwetu. Akasogea kidogo, akanipa kitambaa. Shaba ikisuguliwa kwenye baridi vidole vinakufa ganzi haraka. Tulimaliza bila kuongea.

Mwaka uliofuata, mtaa wa Wedding, sehemu ya barabara iliyokuwa imepewa jina la Carl Peters, yule mkoloni tuliyemwita Mkono wa Damu, ikaitwa Maji-Maji-Allee. Nilikwenda kupiga picha kibao, nikaituma kwenye simu ya binamu ili amwonyeshe bibi. Jioni bibi akapiga mwenyewe.

"Nimekiona kibao. Unapapenda huko?"

Sikuwahi kumdanganya. "Napapenda, bibi."

"Na kichwa?"

"Bado."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga.

"Baridi imeanza?"

"Imeanza."

"Vaa soksi mbili. Kesho uulize tena."