Siku moja maishani mwangu: kupima dawa inavyoshika protini, nikiwa Kigoma

Saa 12 asubuhi. Chai na muhogo wa kuchemsha, bando naunga mapema maana mafaili ni mazito na muda huo mtandao hapa Mwanga unakuwa mwepesi. Mimi mkemia, mashine ziko maabara ya nje, data nachambulia nyumbani.

Saa 2. Naanza na SPR, kipimo kinachotumia mwanga. Protini inagandishwa juu ya utando mwembamba wa dhahabu, dawa inapitishwa pale juu, ikishika protini mwanga unaorudi kwenye dhahabu unabadilika na grafu inapanda, halafu inapitishwa bafa tupu (maji yenye chumvi zinazotunza pH, bila dawa), dawa inaanza kuachia na grafu inashuka. Hapo kwenye kushuka ndo napapenda kuliko pote. Leo kuna viambata viwili, yaani dawa za majaribio, vyote Kd yake nanomola 10, yaani dawa ikiwa kwa kiwango hicho nusu ya protini inakuwa imeshikwa, na Kd ikiwa ndogo ndo inashika vizuri zaidi. Ukiishia hapo utasema ni vilevile. Ila cha kwanza nusu yake inaachia ndani ya dakika moja na kidogo, cha pili zaidi ya dakika 11! Kinachelewa kushika mara 10, kinachelewa kuachia mara 10, ndo maana Kd inatoka sawa.

Saa 5. ITC, hii inapima joto, dawa inadondoshwa kidogo kidogo kwenye protini. Kiambata cha tatu kinatoa joto kubwa kila tone, hata protini ikishajaa joto halipungui. Naomba rekodi za bafa, kumbe DMSO (kimiminika cha kuyeyushia dawa) kwenye sindano yenye dawa ni asilimia 5, kwenye protini asilimia 2, kwa hiyo joto lote lile ni DMSO inachanganyika na maji. Inauma jamani, ITC inakula protini nyingi na kuisafisha ni kazi ya siku kadhaa.

Saa 8 ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, fasta.

Saa 10 kaja dogo wa jirani, anasoma PCB. "Dada, si unachukua tu yenye Kd ndogo?" Nikamchorea zile grafu mbili, nikamwambia dawa ikishapungua kwenye damu, ile inayochelewa kuachia bado iko kazini. Akawaza, akauliza, "Na ikishika protini siyo?" Swali zuri sana hilo! Ndo maana tunaipima na kwa protini zingine, maana ikichelewa kuachia huko nako ni madhara.

Saa 1 usiku natuma ripoti: kiambata cha pili kiendelee, cha tatu ITC irudiwe, bafa moja pande zote.