Siku yangu ya maabara Lubumbashi, na kinasi isiyozimika

Saa kumi na mbili asubuhi
Mwezi wa sita Lubumbashi ina baridi ya kweli. Kwenye kituo cha taxi-bus, komini ya Kenya hapa hapa mjini, kila mtu amejifunika mpaka masikio. Mimi ni laborantini wa hospitali, upande wa damu. Si daktari, ingawa wagonjwa wengi huniita dokta.

Saa moja na nusu
Foleni ya kwanza ni ya kisukari. Wamekuja bila kula, kwa hiyo tunaanza nao. Stajieri, mwanafunzi wa mazoezi, ananiuliza: "Yaya, insulini ikifika kwenye seli inafanya nini hasa?"

Namjibu huku nachoma vidole. Insulini inatoa ujumbe wake ikiwa nje. Inashika kipokezi kwenye utando wa seli, na sehemu ya ndani ya kipokezi hicho ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwa ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini. Protini iliyobandikwa hubadilika umbo, inaamsha ya pili, ya pili inaamsha ya tatu, mpaka vibeba glukosi vinapanda kwenye utando na sukari inaingia. Katika kisukari cha aina ya 2 insulini ipo, ila ujumbe unafifia njiani. Binadamu ana jeni zaidi ya 500 za kinasi za namna hii. Vipo pia vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti, fosfatasi, ili ujumbe ukome. Huko kukoma, namwambia, kuna uzito sawa na kuanza.

Saa tatu
Anaingia mama mmoja wa Katuba na kijana wake. Tunafahamiana. Ana leukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu. Namtoa damu, nasimamisha tyubu. Damu ya mwenye afya ikitulia, kati ya wekundu wa chini na maji ya njano ya juu unaona uzi mwembamba mweupe. Leo kwa huyu mama si uzi, ni mkanda mnene. Moyo wangu unashuka kabla mashine haijasema chochote.

Natandaza tone kwenye kioo, naliacha likauke, naweka rangi ya May-Grünwald kisha Giemsa. Kwenye hadubini chembe nyeupe zimejaa za kila umri, changa na komavu pamoja, na basofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, ambazo siku nyingine unaitafuta moja kwa shida. Mashine inasoma 61,000 kwa milimita ya ujazo. Kawaida haizidi 10,000 hivi, na mama huyu alikuwa amesharudi huko.

Saa sita
Umeme umekatika, tunangoja jenereta. Stajieri anataka kujua ugonjwa huu unatoka wapi. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Palipoungana hutokea jeni mpya, BCR-ABL, inayotengeneza kinasi ambayo haisubiri ujumbe wa mtu. Inabandika fosfeti usiku na mchana, na uboho unazidi kuzaa chembe.

Imatinibu, dawa ya vidonge ya ugonjwa huu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, hukaa kwenye nafasi ya ATP ndani ya kinasi hiyo. Ni kama kiti cha taxi-bus: mwenzako akishakaa, wewe hupati. Lakini akishuka, kiti kiko wazi. Dawa inazuia kinasi. Jeni inayoitengeneza inabaki kwenye uboho.

Saa nane
Mama anangoja daktari kwenye benchi. Nakaa karibu naye.

"Mama, vidonge ulisimamisha lini?"

"Mwana wangu, nilienda matanga Kasenga, vikaisha. Nikajiona na nguvu, nikasema nimepona. Na vile vinanivimbisha macho, vinanitia kichefuchefu."

Siwezi kumlaumu. Mtu aliyebeba wengu uliovimba, kisha tumbo likashuka na hamu ya kula ikarudi, ataamini mwili wake kuliko karatasi. Ndiyo maana naona majibu mazuri yasitolewe bila kuongeza: dawa ndiyo inayoyashikilia.

Saa tisa na nusu
Daktari amemrudishia miligramu 400 kwa siku. Damu nyingine tunaifunga, itasafiri kupimwa jeni yenyewe, maana maabara yetu haina kipimo hicho. Tunaogopa badiliko moja hasa, T315I: kwenye nafasi ya 315 ya kinasi, asidi amino treonini inaiachia nyingine, isolusini, na imatinibu haipati tena pa kukaa. Dawa nyingine, ponatinibu, ilitengenezwa kwa ajili ya hali hiyo, lakini kuipata ni vita nyingine.

Kijana ameandika yote kwenye simu: kidonge pamoja na bukari (ugali) ya jioni, glasi kubwa ya maji, asitapike akanyamaza bali atuambie. Tumekubaliana aje kuchukua dawa vidonge vikibaki vya wiki mbili, hata kama kuna matanga.