Kukunja paipu za umeme za plastiki kwa springi: uzoefu wangu

Kwenye wayaringi ya nyumba ya bloku, kona karibu zote nazikunja kwenye paipu yenyewe, nikiingiza springi ya chuma ndani yake ili isibonyee, badala ya kununua elbo (kona ya plastiki iliyo tayari). Sababu ni waya. Elbo ya dukani hugeuka ghafla, nyaya tatu za milimita za mraba 2.5 zikifika hapo hukwama, na ukizilazimisha ganda lake hukwaruzwa na ukingo wa ndani. Paipu iliyokunjwa kwa upana huzipitisha, na mwenye nyumba akitaka kubadilisha waya miaka mingi baadaye atauchomoa na kuingiza mwingine bila kubomoa plasta. Ndiyo maana kona naipima kwa waya utakaopita ndani yake kuliko kwa uzuri wake.

Kwa taa na soketi natumia paipu ya milimita 20, na ya 25 kwa laini ya jiko au inayobeba nyaya nyingi kutoka kwenye meni swichi. Dukani utakuta nyepesi na nzito. Ibane mwisho wake kwa vidole viwili. Ikibonyea kirahisi iache, maana itapondeka chini ya zege au kwenye kona. Paipu nyepesi na nzito zina upana uleule kwa nje lakini tundu la ndani halilingani, kwa hiyo springi inayoifaa moja haiifai nyingine. Mimi huenda kununua springi nikiwa na kipande cha paipu mkononi. Iingie kwa kuteleza huku ikibakiza uwazi mdogo sana. Ikicheza, upande wa ndani wa kona utapata mahali pa kubonyea na kufanya kunyanzi. Ikibana tangu mwanzo, baada ya kukunja haitoki.

Upande wa ndani wa kona, nusu kipenyo nisichoshuka chini yake ni mara nne ya unene wa paipu, yaani sentimita 8 kwa paipu ya 20. Chora robo duara ya kipimo hicho juu ya ubao (sufuria ndogo yenye kipenyo cha sentimita 16 inatosha kuchorea) na uitumie kulinganisha kila kona. Hapo pia hesabu ya alama inakuwa rahisi. Tuseme mgongo wa kona (upande wake wa nje) uwe sentimita 50 kutoka mwisho wa paipu. Alama ya katikati ya mkunjo isiwekwe kwenye 50, bali kwenye 47, kwa sababu paipu inakata njia fupi badala ya kwenda hadi pembeni kabisa. Kwa paipu ya 20 toa sentimita 3 kila mara. Na ukijumlisha urefu wa pande mbili za kona, toa 6 ili kupata urefu wa paipu utakaotumika. Hata hivyo usikate kabla ya kukunja. Acha paipu ndefu, kunja, pima ukutani, ndipo ukate. Paipu ndefu inakupa pia mahali pa kushika; kukunja karibu na mwisho ni kazi ngumu na mara nyingi kona hutoka bapa.

Springi ikae katikati yake pale penye alama. Kona ikiwa mbali na mwisho wa paipu, funga kamba imara kwenye tundu la springi, na kwenye kamba weka fundo kuonyesha springi imefika wapi. Kisha weka goti kwenye alama, shika paipu kila upande kama sentimita 25 kutoka gotini, na vuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa, polepole. Usivunje kona yote kwenye nukta moja: sogeza goti kidogo huku na huku ili mkunjo usambae kwenye urefu wa sentimita 14 hivi, ambao ndio urefu wa kona ya nyuzi 90 kwa kipimo nilichotaja.

Plastiki hurudi nyuma ukiiachia. Kwa hiyo ipitishe pembe unayotaka, kisha irudishe taratibu mpaka ilingane na mchoro. Kuirudisha huko kunalegeza springi pia. Kuitoa, izungushe upande unaozidi kukaza mizunguko yake, ili ipungue unene, huku ukivuta. Kuivuta moja kwa moja kwa nguvu kunaitanua, na springi iliyotanuka haifai tena. Kona ikishatoka ifunge mahali pake mapema kwa klipu au kwa waya wa kufungia, kwa kuwa itaendelea kufunguka kidogokidogo ikiachwa sakafuni.

Baridi hubadilisha kazi hii kabisa. Paipu iliyokunjwa bila shida Tanga mchana inaweza kupasuka Njombe asubuhi ya Julai. Ukiona weupe unatokea mgongoni mwa kona, plastiki imevutwa kupita kiasi: punguza kasi na ipashe joto. Kwa 20 na 25, kuianika juani au kuisugua kwa kitambaa kikavu mpaka ipate uvuguvugu kunatosha. Ila usizihifadhi juani kwa wiki kadhaa zikiwa zimeegeshwa ukutani, maana zitajipinda zenyewe na kuwa kavu.

Paipu ya 32 kwenda juu haikunjwi bila kupashwa joto. Plastiki hii huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha, hata Mbeya ambako huchemka chini kidogo ya nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko. Mashine ya hewa moto ni nzuri zaidi. Izungushe muda wote, isisimame sehemu moja. Moto wa mshumaa, jiko la mkaa au karatasi siukubali. Unaunguza nje wakati ndani bado ni kugumu, na plastiki hii ikiungua hutoa moshi wenye tindikali unaochoma macho na mapafu. Kama huna springi kubwa, jaza mchanga mkavu kabisa, ziba ncha zote mbili, pasha, kunja, na ushikilie mpaka ipoe. Kona ya moto hairudi nyuma kama ile ya baridi, kwa hiyo usiipitishe.

Paipu inayotembea juu ya ukuta na kuingia kwenye boksi la swichi au soketi huhitaji mkunjo wa ngazi, kwa kuwa tundu la boksi liko mbele ya uso wa ukuta. Kunja mara mbili kwa nyuzi 30, na umbali kati ya katikati za mikunjo hiyo uwe mara mbili ya kimo unachotaka kuruka: kimo cha sentimita 5, umbali 10. Chora kwanza mstari mmoja ulionyooka kwenye urefu wa paipu; mikunjo yote miwili ifuate mstari huo, la sivyo paipu itakaa imejisokota na haitalala ukutani.

Kati ya boksi na boksi usizidishe kona mbili za nyuzi 90. Zikihitajika tatu, weka katikati boksi la kuvutia nyaya.

Kwenye maungio, kata kwa msumeno wa chuma, kwangua ukingo wa ndani kwa kisu, na paka gundi kwenye paipu, si ndani ya kaplingi (kiungio cha paipu mbili), kwa sababu gundi inayosukumwa mbele humwagikia njia ya waya na kukauka kama tone gumu. Kwenye zege, funga paipu kwenye nondo kila upande wa kona, ziba ncha, na jaza boksi karatasi kabla wapiga zege hawajaanza kukanyaga.

Kabla ya plasta, pitisha waya wa kuvutia nyaya kwenye kila njia. Ukikwama, kata kipande hicho na ukunje kingine wakati ukuta bado uko wazi. Nyaya zote za njia moja zivutwe kwa pamoja, mtu mmoja akisukuma na mwingine akivuta. Poda kavu inasaidia, grisi na oili zinaharibu ganda. Kuunganisha kwenye meni swichi na kupima ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, na ni vizuri akague njia za paipu kabla hazijafunikwa.