Jahazi la Babu

Kwetu Wete, kisiwani Pemba, kuna hadithi moja isiyopingwa: babu mzaa baba alifika Unguja kwa jahazi lake mwenyewe, limesheheni tende na papa mkavu. Mlinzi wa hadithi hiyo ni shangazi. Nilipomuaga, nikamwambia kwamba nakwenda kutafuta karatasi za safari ile, alinifungia visheti, akanionya, "Ulizia nahodha, usiulizie abiria."

Meli ya Mkoani ilinishusha Malindi. Upande wa Funguni ndiko yalikotia nanga majahazi ya Arabuni: yakija na upepo wa kaskazi tangu Disemba, kisha yakingoja kusi liyarudishe. Waliobaki ndio waliotuzaa. Wa Hadhramaut, huko Yemen, wakaitwa Washihiri, kwa bandari ya Shihr, hata yule aliyetoka mabonde ya ndani kabisa.

Ofisi ya kwanza niliyobisha nilikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikaambiwa nirudi na barua ya sheha, mkuu wa mtaa. Sheha wangu yuko Wete! Tuyaache hayo.

Kesho yake nikapanda daladala hadi Nyaraka za Taifa, Kilimani. Bimkubwa wa chumba cha kusomea akaichukua kalamu yangu ya wino, akanipa penseli. "Alikuja mwaka gani, mwanangu?"

"Kabla ya vita vya Hitler, ndivyo wasemavyo."

Akacheka. "Babu wa kila mtu alikuja mwaka huo."

Kosa langu lilikuwa kudhani abiria wa jahazi waliandikwa mmojammoja kama wa ndege. Karatasi nilizofunua zilimjali nahodha, na shehena kwa ajili ya ushuru. Watu walihesabiwa vichwa tu. Bimkubwa ndiye aliyenizindua: nimwache baharini, nimtafute nchi kavu, kwenye leseni, kodi na kesi.

Siku mbili nilisoma mambo ya watu wengine. Faili moja lilijaa vurugu za mbata, zile nazi zilizokaushwa, za Februari 1936 hapo hapo Malindi, Wamanga, Waarabu wa Omani, walipochukizwa na sheria ya kukagua mbata. Nilisoma mpaka nikasahau kilichonipeleka.

Siku ya tatu nikamwona. Karani aliandika alivyosikia: ile dhadi, herufi ya Kiarabu, ya jina la babu ameifanya "th", na jina la baba yake amelimeza nusu. Nilimtambua kwa jina la tatu, la babu yake, kwa sababu ndilo nililopewa mimi. Kabila: Mshihiri. Kazi: hamali, bandarini. Hakujua kutia saini. Pembeni pana alama ya dole gumba, na katikati yake mstari mweupe, kama la mtu aliyewahi kukatwa. Niliitazama alama ile kuliko maandishi yote. Picha ya babu hatuna hata moja.

Nikampigia shangazi nikiwa bado getini.

"Hamali?"

"Hamali, shangazi. Imeandikwa."

Akanyamaza kidogo. "Basi alikuwa akipakua jahazi lake mwenyewe."