Siku moja maishani mwangu: kupima homa ya ini B kijijini, Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda

Saa 12 asubuhi. Vipimo vinatoka stoo ya kituo cha afya. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 30, kwa hiyo haviachwi juani juu ya bodaboda. Chanjo ina kisanduku chake, nyuzi 2 hadi 8. Ikigusana na barafu huganda, na ikiganda ni ya kutupa.

Saa 2. Tenti linasimamishwa karibu na soko makusudi. Utafiti wa kitaifa wa Uganda wa 2016–2017 ulikuta maambukizi kwa asilimia 5.6 ya wanaume na 3.1 ya wanawake. Ukipima wajawazito kliniki tu, kijiji kitaonekana kizima kuliko kilivyo. Ukipima waliokuja wakiumwa, kitaonekana kimeoza.

Saa 3. Kidole cha kati au cha pete, ubavuni mwa ncha. Pangusa kwa spiriti na uache ikauke, kisha choma. Tone la kwanza lipanguse. Usikamue kwa nguvu, maana majimaji ya mwili huchanganyika na damu. Andika saa ya kuanza juu ya kipimo chenyewe, si kichwani. Hapa ndipo takwimu nyingi huharibikia: foleni ikiwa ndefu, mtu husoma mapema na kukosa mstari hafifu, au husoma saa nzima baadaye na kuona mstari usiokuwepo. Fuata dakika za karatasi iliyo ndani ya boksi. Mstari hafifu ndani ya muda huo ni chanya. Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipotokea, rudia kwa kipimo kipya.

Saa 7. Walio hasi wanachanjwa begani: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Dozi ya tatu ndiyo inayopotea zaidi, kwa hiyo namba ya simu ya VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) inaandikwa kwenye kadi.

Saa 9. Namwambia mama aliye chanya: “Mama, chakula pamoja mnakula. Wembe ndio msichangie.” Aliye chanya hapewi dawa papo hapo, anapelekwa kupima ini na wingi wa virusi, na kipimo kinarudiwa baada ya miezi 6. Watu wa nyumbani kwake nao wanapimwa.

Saa 11. Sanduku la sindano lililojaa robo tatu linafungwa. Rejista inajumlishwa kwa jinsia na umri, pamoja na waliokataa.