Visiki vya mchu visivyochipua

Nilikuwa nasoma masta ya sayansi ya mazingira, mwaka wa pili, madarasa nimeshamaliza imebaki utafiti tu, na utafiti wenyewe niliupeleka Tanga kwa sababu mama yangu ni mtu wa huko na nilijua chumba sitalipia. Nilichagua mikoko. Kichwa cha propozali kilikuwa kirefu ila ukikifupisha kilikuwa kinasema jinsi ukataji wa wanakijiji unavyoua mikoko, yaani sijakanyaga tope hata siku moja nimeshajua nani kaua. Supavaiza akapitisha, kamati ikapitisha, hakuna aliyeuliza.

Hii ilikuwa Septemba 2014. Kijiji sikitaji, ni barabara ile ya Pangani, ukishapita magofu ya Tongoni unakata kushoto kwenda baharini. Pwani hiyo watu wengi wanaijua kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa zama za kale ambaye wavuvi wa Kigombe walikuwa wanamtoa kwenye majarife, yaani nyavu za papa, mpaka ikatangazwa hifadhi ya bahari mwaka 2009, kwa hiyo kila niliyemwambia nafanya utafiti Tanga alidhani nafuata samaki. Mi nilikuwa na kamba, mkanda wa kupimia unene wa mti, GPS ya kuazima, na madaftari.

Kazi ilikuwa hivi. Unanyoosha mstari kutoka upande wa bahari mpaka nchi kavu, kwenye mstari unapima ploti za mita kumi kwa kumi, kila mti ndani ya ploti unaandika ni aina gani, unene, urefu, mzima au umekufa, umekatwa au haujakatwa. Miti hii yote tunaiita mikoko ila ina aina zake. Mbele kabisa unakutana na mililana, halafu mikoko yenyewe ile yenye mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui, ukisogea ndani mikandaa na misinzi, na nyuma kabisa mchu, ingawa mchu hauna adabu hiyo, unaweza kuukuta mbele ukaukuta na nyuma tena. Unafanya kazi maji yakipwa. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, pwani yetu maji yanakauka kama saa nne asubuhi na yanajaa saa kumi jioni, kwa hiyo una masaa machache tu, ukizubaa unatoka maji yamefika kiunoni.

Siku ya tatu nikafika nyuma kabisa. Pale palikuwa peupe. Michu imekufa imesimama, haina jani, magamba yametoka, na katikati yake visiki vingi vya panga. Nikafurahi, kwakweli nilifurahi, maana ndo kitu nilichokuja kukitafuta. Nikaanza kuandika, ukataji, ukataji, ukataji, mti wa kwanza mpaka wa arobaini na moja.

Kulikuwa na bibi mmoja anapita na ndoo ya tondo, wale konokono wa kwenye tope wanaoliwa. Nilishamuona siku mbili zile, tukasalimiana tu, shikamoo, marahaba, basi. Siku hiyo akasimama akawa ananiangalia naandika.

"Mjukuu wangu, unaandika nini hapo?"

Nikamwambia naandika miti iliyokatwa bibi.

"Na hii iliyosimama imekatwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia imekufa kwa sababu msitu umeshaharibiwa, ukikata mingi iliyobaki nayo inadhoofika, maneno ya darasani hayo. Akatua ndoo chini, akanishika mkono, akanipeleka kama hatua hamsini hivi mpaka kwenye tuta. Tuta lenyewe lilikuwa la udongo, la zamani kidogo, limejengwa na mwenye mabwawa ya chumvi kuzuia bahari isimuingilie. Nilishalivuka siku zote tatu. Kwenye daftari sikuliandika kabisa.

Tukavuka upande wa pili, upande wa bahari. Akanionyesha kisiki cha mchu. Kimekatwa panga vilevile, ila pembeni yake vimetoka vichipukizi vingi, majani mabichi, vingine vimenifika kifuani. Akanionyesha na kingine, na kingine. Vyote vimechipua.

"Mchu ukiukata mbichi unarudi," akasema. "Mkoko ule ndo haurudi, ule ukiukata umeua. Lakini mchu unarudi. Sasa twende kule ukanionyeshe kimoja kilichorudi."

Tukarudi ndani ya tuta. Nikapita kisiki kwa kisiki, nimeinama, nikivipapasa kabisa kwa mkono. Hamna. Hata kimoja hakijachipua. Yaani ile miti ilikatwa ikiwa imeshakufa, watu walikuja kuchukua kuni kavu. Panga lilifika mwisho, mi nikaliandika la kwanza.

Bibi akanieleza taratibu kwamba hapo zamani maji ya bamvua yalikuwa yanafika mpaka kwenye ile minazi, wanapata tondo na kaa hapohapo bila kwenda mbali. Lilipokuja tuta waliacha bomba moja la kupitisha maji, bomba likaziba tope, hakuna aliyezibua. Masika maji ya mvua yanajaa ndani hayana pa kutokea, yanakaa wiki na wiki. Jua likija yanakauka ardhi inabaki nyeupe chumvi tupu. "Ikaanza kupukutisha majani juu," akasema, "halafu chini, halafu ikanyamaza." Na walipoanza kuokota kuni hizo wakaja watu wakawanyang'anya mzigo na mapanga wakaambiwa nyie ndo mnamaliza mikoko. Yeye mwenyewe alinyang'anywa. Hapo sauti yake ikabadilika, na mi nilikuwa nimeshika daftari lenye ukataji arobaini na moja, nikalifunga.

Wanaojua mambo haya wataelewa kwamba alichosema ni sayansi kamili. Ile mizizi ya mchu inayotoka kwenye tope imesimama kama penseli ni ya kuvutia hewa, ukiifunika na maji yaliyotuama kwa muda mrefu mti unakosa pumzi. Na mchu ndo unavumilia chumvi kuliko wenzake wengi, una namna ya kuitoa chumvi kwenye majani, ukilamba jani lake unaisikia, lakini hata huo una mwisho wake, unahitaji bahari ije iingie itoke isuuze. Nilikuwa nimeyasoma yote haya. Nilifanya na mtihani wake nikafaulu vizuri.

Nikachimba shimo, nikasubiri maji yachuruzike, nikaweka tone kwenye kile kifaa cha kupimia chumvi. Maji ya bahari ya kawaida yanasoma kama 35 kwa elfu. Pale ndani ya tuta ilipita mara mbili. Nikafuta kioo nikarudia. Ileile.

Nikamwambia bibi nataka nione maji yenyewe kwa macho yangu. Akasema basi ngoja, leo ni bamvua, na bamvua la mwezi huu ni kubwa, kama hayafiki leo hayafiki tena. Ni kweli, karibu na siku ambazo mchana na usiku zinalingana, Machi na Septemba, maji huwa yanajaa kupita bamvua za kawaida. Akaenda kwake kupika, akarudi saa tisa na mihogo ya kuchemsha kwenye kikapu, tukakaa juu ya tuta mi na yeye na mjukuu wake mdogo wa kike.

Yalianza kuja bila kelele. Kwanza vifereji vikajaa, halafu yakatanda chini ya mikandaa, takataka na majani makavu yanaelea mbele yake, kaa wale wadogo wenye gando moja kubwa jekundu wanakimbilia mashimoni. Saa kumi kasoro yakagusa tuta. Yakapanda, yakapanda, nikachomeka kijiti ukutani kupima, yakapita kijiti. Mgongoni kwetu, hatua tatu tu, ardhi kavu imepasuka na ile michu imesimama. Nilikuwa nageuza shingo huku na huku. Yule mtoto akachota maji kwa viganja akayarusha upande wa pili, yakanywewa palepale, akachota tena. Bibi hakumkataza.

Kama saa kumi na nusu maji yakasimama, yakaanza kurudi.

"Umeona?" bibi akaniuliza.

Nimeona bibi.

Kumpigia supavaiza ilinichukua siku mbili kujipa moyo. Nilidhani atanifokea maana fedha ilikuwa imebaki kidogo na kubadilisha swali la utafiti wakati huo ni kurudi kwenye kamati upya. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, visiki vingapi umekagua? Nikamtajia. Akasema ongeza ploti nje ya tuta, idadi sawasawa na za ndani, pima chumvi kila ploti, kwenye bamvua na kwenye maji mafu, yale yasiyojaa sana, halafu tuzungumze. Ndo nilichofanya mwezi mzima uliofuata. Na kwenye kutetea tasnifu mmoja wa wale maprofesa akaniuliza wazo la kuangalia vichipukizi nililitoa kwenye andiko gani, nikamwambia sikulitoa kwenye andiko, nimeonyeshwa na bibi anayeokota tondo, na nimeandika hivyo ukurasa wa mbinu za utafiti kwa idhini yake.

Ila ninachokikumbuka zaidi ni usiku wa siku ileile ya maji. Nilipanga chumba kwa mwenyekiti baada ya kuona kutoka mjini kila siku ni mbali, umeme haujafika, nina tochi ya simu na kibatari. Nikafungua daftari nikaanza kukata kwa penseli yale maneno, moja moja, maana kila mti una namba yake na namba ina mahali pake. Nakata "ukataji" naandika pembeni "ulikufa umesimama, ulikatwa baadaye". Kibatari kikaisha mafuta nikiwa mti wa ishirini na kitu, simu nayo ikazima.

Alfajiri nikaendelea dirishani kwa mwanga wa nje. Bibi akapita na ndoo yake anaelekea baharini, kanga kajitanda kichwani, akaniona.

"Umeamka au hujalala?"

Shikamoo bibi, nasahihisha ile ya jana.

"Marahaba. Imebaki mingapi?"

Kumi na minne.

"Haya maliza," akasema, "nakusubiri kwenye tuta."