Usiku wodi ina serikali yake

Watu wakijua niliwahi kukaa rimandi, huniuliza juu ya askari. Walikupiga? Walikudai hela? Ningependa siku moja mtu aniulize juu ya katikiro.

Mimi ni dereva wa lori. Nilikamatwa Busia, upande wa Uganda, kwa mzigo wenye karatasi pungufu (kesi ilijifia yenyewe, mashahidi hawakutokea), nikapelekwa jela ambayo sitaitaja. Wodi, yaani chumba chetu cha kulala, ilikuwa inafungwa jioni jua bado liko juu, afande akaondoka na ufunguo. Toka hapo mpaka hesabu ya asubuhi, mkubwa ni katikiro: mfungwa kama wewe, ila wa kifungo kirefu, aliyewekwa na askari awe nyapara. Ana wasaidizi wake, huyu wa chakula, huyu wa usafi, na huyu wa kupanga watu kulala.

Huyo wa kulala ndiye wa kuogopwa. Sakafu ina bei. Mwenye sabuni na sukari kutoka nyumbani analala ukutani; mgeni mikono mitupu analala kando ya ndoo ya haja, na usiku kucha watu wanamruka. Tulilala ubavu, tumebanana, na hakuna anayegeuka peke yake. Usiku wa manane sauti inasema "Geuka!" na mstari mzima unageuka. Ukitangulia, fimbo.

Katikiro wetu hakuwa shetani. Mzee mmoja alipobanwa na pumu, yeye ndiye aliyegonga mlango mpaka askari wakaja. Wiki hiyohiyo alimchapa kijana nyayoni kwa sababu ya kipande cha posho (ugali). Tulipata huruma au fimbo kulingana na alivyoamka.

Kijana alipolalamika asubuhi, jibu lilikuwa jepesi: "Sisi hatukumgusa, mmepigana wenyewe." Jibu hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, maana sheria imeshaliziba. Sheria ya Uganda ya 2012 ya kuzuia utesaji inamshika hata asiye mtumishi wa serikali, adhabu ya kawaida inafika miaka 15 jela, na "nilitumwa na mkubwa" si utetezi. Kwa hiyo katikiro anashitakika, na aliyemkabidhi fimbo pia. Katiba nayo, kifungu cha 44, inasema kinga dhidi ya mateso haiondolewi kwa hali yoyote. Tena Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, kanuni ya 40, zinakataza mfungwa kupewa kazi ya kuwaadhibu wenzake. Lakini jela iliyojaa kupita kiasi, askari wachache, nani atakaa na watu wale usiku? Basi fimbo inaachwa ndani.

Siku moja walikuja wakaguzi. Katikiro ndiye aliyechagua nani aseme. Yule kijana alipelekwa jikoni kuchambua maharage mpaka gari lao likatoka getini.

Kwa hiyo anayekagua jela asianzie kwenye daftari la ofisini. Aingie wodini, aseme: kila mtu alale pale anapolala usiku. Kisha achukue majina ya wanaolala karibu na ndoo, azungumze nao mmojammoja, katikiro na afande wakiwa mbali. Na arudi baada ya wiki kuwaona walewale, maana kuongea na mgeni nako kuna malipo yake akishaondoka.